Vyombo vya Mzee Wallis

Ukisimama mbele ya picha ya Alfred Wallis, anza na kingo zake. Kadibodi imekatwa upogo, kona moja haipo, upande huu mrefu kuliko ule, na pengine tundu la msumari bado linaonekana. Kettle's Yard, nyumba ya sanaa ya Cambridge yenye picha zake zaidi ya mia moja, hawakuzinyoosha kingo hizo, nao wamefanya vyema. Wallis alikipokea kipande kama kilivyomfikia, kutoka kwenye boksi la muuza duka jirani au popote pale, akakitazama mpaka akajua chombo kitakaa wapi. Kadibodi ikipanda upande mmoja, bahari nayo inapanda, na omo inainuka kufuata wimbi. Ukiikata picha hiyo iwe mraba safi, chombo kitapoteza sababu ya kuyumba.

Alianza kazi hii akikaribia miaka 70. Alizaliwa Devonport, Uingereza, mwaka 1855, akaingia baharini angali kijana, akavuka Atlantiki hadi Newfoundland kwa chombo cha matanga. Alimwoa Susan, mjane aliyempita miaka zaidi ya 20. Mwaka 1890 walihamia St Ives, mji wa wavuvi huko Cornwall, akafungua duka la kununua na kuuza kamba kuukuu, matanga yaliyochakaa na vyuma chakavu. Susan alifariki mwaka 1922. Mzee akashika brashi, na kwa maelezo yake mwenyewe alifanya hivyo ili asiishi mpweke.

Rangi zake zilikuwa zile zile za kupaka mashua na vyombo vingine. Ni rangi nzito, zinakauka ngumu, na hazina huruma kwa mtu asiyejua anachotaka. Alitumia chache: kijani cha giza, kijivu, nyeusi, hudhurungi, na nyeupe ambayo hakuna aliyeijua kama yeye. Nyeupe hiyo aliipaka nene, tena kwa mikato mifupi, mpaka povu la bahari likawa na mwili. Ukisogea karibu utaona kila mfereji ulioachwa na unywele wa brashi. Katika barua kwa Jim Ede, aliyekuwa msaidizi katika jumba la Tate mjini London na ndiye aliyeianzisha Kettle's Yard baadaye, alieleza kwamba picha nyingi huharibiwa na watu wanaotia rangi mahali pasipo pake.

Basi akaacha mahali pengi bila rangi. Hudhurungi ya kadibodi yenyewe ikawa mchanga wa pwani, ikawa tanga lililochovywa dawa ya kulihifadhi, ikawa ubavu wa mashua. Hapa ndipo ninaposimama muda mrefu kuliko popote. Anayepaka kila mahali anaweza kusahihisha kosa kwa kupaka tena, lakini anayeacha kadibodi wazi lazima ajue mchanga unaishia wapi kabla brashi haijagusa, kwa sababu rangi ya mashua ikishanywewa na karatasi haitoki.

Kisha kuna kamba. Mtu wa Lamu au wa Bagamoyo aliyewahi kupandisha foromali hatahitaji kufundishwa na mhakiki. Tanga likijaa upepo upande huu, chombo kimelala upande ule, na bahari inachafuka kwa namna inayolingana na matanga yaliyopandishwa. Katika Voyage to Labrador, picha ya katikati ya miaka ya 1930 iliyomo Tate, chombo kinapita kwenye milima ya barafu. Wallis alikwenda maji yale ya kaskazini mwaka 1876, na miaka karibu 60 ilikuwa imepita.

Wanaoziita picha zake za kitoto hutaja vipimo. Mashua ni kubwa kuliko nyumba, samaki ni mkubwa kuliko mtu, na mnara wa taa umelala ubavu. Yeye aliweka kadibodi bapa juu ya meza, akaipaka kutoka upande huu na ule, hivyo kila kitu bandarini kinatazama njia yake. Mimi naona hapo akili ya nahodha. Anayeingiza chombo bandarini usiku huibeba bandari nzima kichwani, mwamba ulipo, mlango ulipo, na nyumba za mjini kwake ni alama ndogo tu. Wallis alichora kwa uzito huo. Kumwita mtu asiye na mafunzo ni kusahau miaka 50 aliyoipitisha mikono yake juu ya mbao, kamba na vitambaa vizito.

Mwezi Agosti 1928 wachoraji wawili vijana, Ben Nicholson na Christopher Wood, walikuwa wakipita nje ya nyumba yake. Mlango ulikuwa wazi, na kutani picha zimepigiliwa kwa misumari mikubwa. Wakaingia, wakanunua. Vitabu hupenda kusema kwamba walimgundua. Ningependa visimulie zaidi walichojifunza kwake, maana baada ya hapo kazi za Nicholson zinaonyesha heshima mpya kwa ubao wenyewe na makovu yake. Ede alipelekewa picha kwa posta, vifurushi vya karatasi vilivyofungwa kwa kamba, akachagua alizoweza kuzilipia: shilingi moja, mbili au tatu, kwa kadiri ya ukubwa.

Bei hiyo haikumwokoa. Mwaka 1941 alipelekwa Madron, karibu na Penzance, kwenye nyumba ya maskini, na huko akafariki Agosti 1942. Rafiki zake wasanii walihakikisha hazikwi kaburi la fukara. Bernard Leach, mfinyanzi, alitengeneza vigae vya kulifunika.

Huko Madron aliletewa daftari na kalamu za rangi. Kettle's Yard ilizionyesha daftari tatu za wakati huo katika maonyesho yaliyofunguliwa mwaka 2020. Nasema wazi kwamba kurasa nyingi humo ni dhaifu. Karatasi ni nyeupe, laini, ya pembe nne sawa. Haimpi mzee chochote cha kubishana nacho, na bahari inatawanyika hadi ukingoni bila kujua isimame wapi. Lakini zina kasi ambayo rangi ya mashua haikuiruhusu, chombo baada ya chombo, ukurasa baada ya ukurasa, bila kungoja kitu kikauke. Ningeambiwa nichague, ningechukua kadibodi. Ila ningeomba niachiwe daftari hizo kwa siku moja, nihesabu milingoti, kwa sababu hata katika mistari iliyochorwa kwa haraka na mkono wa miaka 86, sijaona tanga lisiloweza kushushwa.