Jicho la David: Baldwin alivyomwandika mwanamume anayejikana

Shoga anayejichukia ni mhusika mgumu kumwandika kwa nafsi ya kwanza. Akikiri kila kitu, ataonekana ameshajielewa na ameshapona. Akificha kila kitu, msomaji hana pa kushika. Katika riwaya ya Giovanni's Room (1956), James Baldwin alipata njia ya tatu: mdomo wa David unakiri, lakini jicho lake linaendelea kuchukia.

Hadithi yote inasimuliwa kutoka usiku mmoja. David, Mmarekani mweupe, yuko peke yake katika nyumba ya kupanga kusini mwa Ufaransa. Hella, mchumba wake, ameondoka. Giovanni, Mwitaliano ambaye David alimpenda kisha akamtelekeza jijini Paris, anasubiri kukatwa kichwa kwa gilotini. Kwa kuwa mwisho tunaujua mapema, hatusomi ili kujua kitakachotokea. Tunasoma tukimchunguza anayesimulia, na hapo ndipo Baldwin alipotaka tuangalie.

Chukua usiku wa mapenzi wa David na rafiki yake Joey, wangali vijana huko Brooklyn. Usiku wenyewe umesimuliwa kwa upole, bila aibu. Asubuhi David anaamka wa kwanza na kumtazama mwenzake aliyelala. Anakumbuka kwamba Joey ni mvulana, na mara mwili ule aliouona mzuri unakuwa pango jeusi la kumpotezea uanaume wake. Joey hajafungua hata jicho. Hakuna aliyewafumania wala aliyewatukana. Baldwin ameondoa kila sababu ya nje ili hofu isiwe na mahali pengine pa kutoka ila ndani ya David mwenyewe. Baadaye David anajiunga na wahuni waliomzidi umri, na kadiri Joey anavyoumia ndivyo anavyozidi kumtesa. Uanaume wake wa kwanza anaujenga kwa kumwonea aliyempenda.

Mfano wa pili umo katika aya chache tu. Barabarani Paris, David anamwona baharia aliyevaa sare nyeupe. Anamtamani na kumwonea wivu kwa pamoja, maana baharia yule ameuvaa uanaume wake bila wasiwasi, kama ngozi. Wanapopishana, baharia anamtupia jicho la dharau. Hasemi neno, na wala halihitajiki. Kwa mara ya kwanza David anatazamwa vile anavyowatazama wengine, naye anashtuka kwa kuhofia kilichoonekana usoni mwake.

Mbinu hii ina hatari yake. Kila mtu anatufikia kupitia jicho hilo bovu, wakiwemo wanaume wa baa ya Guillaume jijini Paris wanaojipodoa na kujiremba, ambao David anawaeleza kama wanyama. Msomaji ana haki ya kuuliza: hii dharau ni ya David au ni ya Baldwin?

Jibu limo ndani ya baa hiyohiyo. Usiku David anapokutana na Giovanni, anajiwa na mtu aliyejipaka poda na wanja, ambaye kwake ni sawa na maiti inayotembea. Mtu huyo anamwonya kwamba Giovanni ni hatari na kwamba yeye, David, atakuja kuungua. David anamfukuza kwa matusi. Lakini yote yanayofuata, kuanzia chumba kile finyu cha Giovanni hadi gilotini, yanathibitisha onyo lile. Baldwin angekuwa upande wa dharau, asingempa ukweli mtu anayedharauliwa kuliko wote. Amemwachia David macho na sauti ya kitabu kizima, lakini neno la kweli amelitia kinywani mwa yule ambaye David hataki hata kumwona kuwa ni mtu.