Juu ya Mafumbo ya Majina ya Ndege

Desturi ya vitendawili hamhitaji kuelezwa nami. Jioni, watu wametoka shamba na chungu kingali motoni, mmoja husema "Kitendawili!" na wenziwe huitikia "Tega!" Wakishindwa, hutoa mji, naye aliyetega huukubali au huukataa, kisha hutoa jibu. Leo nataka kusema juu ya ndugu mdogo wa kitendawili, yaani fumbo la jina, na hasa fumbo la majina ya ndege, ambalo watoto wa shule hulipenda mno, na watu wazima pia, ila wao hujificha kidogo wakilicheza.

Tofauti yao ni hii. Kitendawili hutaka mtu akijue kitu. Kile cha nyumba isiyo na mlango, ambacho jibu lake ni yai, chaweza kuteguliwa kwa lugha yo yote ya nchi yetu, kwa maana kuku hutaga kila mahali. Lakini mtu akisema, "Mimi ni ndege, nikate kichwa, nami nitakuwa samaki," hapana njia ya kulifumbua ila kwa Kiswahili. Jibu ni KUNGURU: ondoa KU, yabaki NGURU, samaki yule mkubwa wa baharini auzwaye kwa vipande. Hapa yafaa kumjua ndege, na kumjua samaki, na zaidi ya hayo kulisikia neno lenyewe kwa sikio lililo macho.

Mafumbo ya namna hii nimeyakusanya miaka kadhaa, mengine kwa vinywa vya wanafunzi, mengine kwa walimu wenzangu. Mengi ni mabaya. Nasema hivyo bila haya, kwa kuwa mengine ya hayo mabaya niliyatunga mimi.

Baya la kwanza ni lile la kuvuruga herufi. Mwalimu huandika ubaoni herufi kama B, K, M, R, U, U, U, U, Z, kisha huwaambia watoto, "Tafuteni ndege." Jibu ni KUZUMBURU. Ni nani apataye furaha hapo? Mtoto hupanga na kupangua kama mtu ahesabuye mawe, na akipata hupata kwa bahati. Mchezo huu tumeuiga kwa Waingereza na Wamarekani, ambao wana mapenzi makubwa ya mafumbo ya herufi. Lile fumbo la miraba la magazetini, kwa mfano, lilianzwa na Arthur Wynne katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Kwao mchezo huo una maana, kwa sababu maneno yao hujaa konsonanti zinazokutana kwa namna nyingi za ajabu. Maneno yetu sivyo yalivyojengwa. Neno la Kiswahili hujengwa kwa silabi, na karibu kila silabi humalizika kwa irabu. Katika kuzumburu herufi ni tisa, na nne katika hizo ni U. Ukizivuruga, umevunja nyumba ukabaki na rundo la udongo. Wala msikilizaji hawezi kusaidiwa na sikio lake, maana hakuna kinachosikika.

Walakini fumbo la silabi huenda pamoja na maumbile ya lugha. Watoto wa pwani tangu zamani wana mchezo wao wa kinyume, wa kuitanguliza silabi ya mwisho ili wageni wasifahamu wanenalo. Nao hawakufundishwa na mwalimu ye yote. Basi tazama fumbo hili: "Mimi ni ndege wa juu sana, geuza silabi zangu, nami nakuamuru upaze sauti." Ni TAI, na kinyume chake ITA. Au hili, ambalo kwangu lapita yote niliyopata kuyasikia: "Mimi ni mkubwa kupita ndege wote walio hai, na nusu yangu ni mdudu mdogo anyonyaye damu." Ni MBUNI: MBU na NI. Uzuri wake hauko katika neno tu. Fikira ya msikilizaji huanza kwa ukubwa, ikamwona ndege yule asiyeruka akikimbia nyikani, kisha ghafula hutakiwa kumtafuta ndani yake mdudu atusumbuaye usiku. Neno na kitu vyavutana huku na huku, na jibu likipatikana watu hucheka pasipo kuambiwa wacheke.

KIPANGA nacho hutegwa hivyo: mkate kichwa, yabaki panga. Watu wengi hulisifu fumbo hili, lakini mimi silisifu sana. KI ile hutumiwa kila siku kufanya kitu kidogo, kwa hiyo asikiaye hulidhani jina zima kuwa ni panga dogo. Huko si kumkata ndege kichwa, ni kumvua kofia.

Sisemi kwamba herufi moja moja hazifai kabisa. Yule ndege aliyetumwa na Nuhu kutoka safinani, akipoteza herufi moja huwa kitu ambacho kila msafiri hukitafuta: NJIWA, na NJIA. Sauti ya W ni nyepesi, na sikio huikubali hasara hiyo. Na kuna lile la mwizi wa vifaranga, ambalo wanafunzi wangu hutegana kwa furaha kubwa: "Nikiivua herufi yangu ya kwanza, mwizi ni mwenye kujibu." Ni MWEWE, ambaye ndani yake yumo WEWE. Mtoto akisha kulitaja jibu, wenziwe humwonyesha kidole.

Sasa nafika kwenye mafumbo ya jina moja lenye maana mbili, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watungaji wengi wajikwaapo. Kiswahili kina utajiri wa majina hayo. Chozi ni yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, anyonyaye maji matamu ya maua. Na chozi hutoka jichoni. Korongo ni ndege wa miguu mirefu. Na korongo ni bonde lililochimbwa na maji ya mvua. Kanga ni ndege wa madoadoa, na kanga ni nguo ya mama zetu, ambayo wengi husema imepata jina lake kwa madoadoa hayo hayo. Mbuni ni ndege, na mbuni ni mti wa kahawa. Tai huruka, na tai hufungwa shingoni siku ya arusi.

Mtungaji akiyaona hayo hudhani kazi imekwisha. Haijaisha, maana lugha yetu ina mlinzi mlangoni, yaani upatanisho wa maneno. Ndege akitajwa husemwa kama kiumbe hai: korongo huyu amesimama. Bonde likitajwa husemwa vingine: korongo hili limejaa maji. Machozi ni ya macho, lakini ndege hawaitwi machozi, huitwa chozi, wawe mmoja au mia. Mbuni wanakimbia, mibuni imezaa. Kanga zimeanikwa, kanga wametoroka. Kwa hiyo mtungaji asemaye, "Ana miguu mirefu, na maji hupita ndani yake," amekwisha kuitoa siri kwa ile "ana", maana bonde haliwezi kuwa "ana". Na akisema "lina", amemdhulumu ndege. Nimeona fumbo la chozi limeandikwa, "Hunywa asali, nalo huanguka mtu akilia." Hilo si fumbo. Ni sentensi iliyovunjika mguu, na mtoto aliyefundishwa sarufi atalikataa kabla hajalifikiri.

Dawa yake walikuwa nayo wazee wetu, nasi tumeisahau kwa sababu twatunga kwa kalamu. Sikilizeni namna mafumbo yapendavyo kunena: "Mimi ni", "nina", "nikate", "nigeuze". Kitu hujisemea chenyewe. Nilikuwa nikidhani ni pambo tu la maneno, ili fumbo lichangamke. Baadaye nikaona kwamba katika lugha yetu hiyo ndiyo njia ya kulificha jina pasipo kusema uongo, kwa maana anenaye kwa "mimi" haulizwi kama ni ndege, au mti, au nguo. "Nina" ya korongo arukaye na "nina" ya korongo lichimbwalo ni moja. Basi tunge hivi: "Nina miguu mirefu siku nikiwa na mabawa, siku nisipokuwa nayo nanywa mvua yote ya mlima." Hapo hakuna aliyedhulumiwa, na sarufi haikuvunjwa.

Kosa jingine si la lugha bali la macho. Nimeonyeshwa fumbo lisemalo, "Mweusi tangu kichwa hata mkia, asiye na doa." Mtungaji alitaka jibu liwe kunguru. Ni kunguru wa wapi huyo? Kunguru tumwonaye vijijini kila siku ana kifua na shingo nyeupe kama aliyevaa fulana. Yule mwingine aliyeenea mijini pwani, ambaye aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, ana shingo ya kijivujivu. Kunguru mweusi pia tumemzoea katika vitabu vya Ulaya. Mtungaji alikuwa na ndege juu ya paa la nyumba yake, akamwacha, akaenda kumtazama kitabuni.

Lakini nisimcheke sana, maana mimi nilifanya lililo baya zaidi. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi mtihani mdogo wa mafumbo, na atakayeshinda aliahidiwa kitabu. Fumbo moja lilisema, "Mimi ni njiwa mdogo wa porini, nitaje." Katika karatasi yangu jibu lilikuwa TETERE. Mvulana mmoja aliandika PUGI. Nikamtia mkasi. Kwa alama ile moja alipitwa na mwenzake, na kitabu kikaenda kwa mwenzake. Kesho yake alinijia baada ya masomo, akasimama kwa adabu, akasema, "Samahani, Mwalimu, pugi naye ni njiwa mdogo wa porini. Wapo pale nyuma ya kiwanja." Tukaenda. Akanionyesha huyu na huyu, akanieleza sauti zao, na jinsi mmoja apendavyo kutembea chini ya vichaka. Nami nilikuwa nimesimama pale na elimu yangu yote, nisiweze kumtambua hata mmoja mpaka nilipoambiwa. Nilikuwa na jina bila ndege. Yeye alikuwa na ndege pamoja na jina lake. Nilimwomba radhi mbele ya darasa. Kitabu kilikuwa kimekwisha kutolewa, wala sikuweza kumnyang'anya mtoto asiye na kosa.

Tangu hapo nalisoma fumbo la Samsoni, katika Waamuzi sura ya 14, kwa namna nyingine. Aliwategea vijana thelathini kwa sharti la mavazi, na jibu lake lilitoka katika jambo alilolifanya peke yake njiani, ambalo hata baba yake na mama yake hakuwaambia. Hapakuwa na akili duniani ya kulifumbua pasipo kuibiwa siri, nao waliiiba kwa mkewe, na mwisho wake ulikuwa damu. Fumbo langu la tetere lilikuwa la jamaa hiyo. Jibu lilikuwa katika karatasi yangu, halikuwa porini.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kamusi: jina lililomo likubaliwe, lisilokuwamo likataliwe. Kamusi naiheshimu, tangu ile ya Johnson ya 1939 hata ile ya Kiswahili Sanifu ya 1981, zimetusaidia kuandika kwa namna moja. Lakini fungua utafute ndege wadogo, na mara nyingi utaambiwa kwa ufupi kwamba ni aina ya ndege. Hilo mtoto analijua tayari. Tena majina hubadilika safarini: huku husema kwale, kule husema kware. Mtungaji wa haki hutaja mahali pa jina lake, au hutoa ndani ya fumbo alama ya pili itakayolifunga jibu moja tu. Kama ningaliongeza, "na silabi mbili za mwisho za jina langu hutofautiana kwa konsonanti ya mwanzo tu," hapana, hata hilo lingalikuwa gumu pasipo haja. Ningalisema tu, "silabi zangu ni tatu," na pugi angaliondoka mwenyewe, na yule mvulana angalipata kitabu chake.

Juu ya kwale nina kisa kidogo. Msichana mmoja alitega, "Niko kichakani na mabawa, niko pwani ya Kenya na maduka." Darasa zima likashindwa. Akasema, "Nipeni mji." Mvulana wa nyuma, aliyekuwa hakufikiri lo lote, akajibu, "Nakupa Kwale." Msichana akakasirika, akidhani amedhihakiwa. Tulibishana nusu saa kama ameshinda au ametoa mji tu, nami hukumu yangu ilikuwa kwamba ameshinda bila kujua. Mpaka leo msichana hakubali.

Naacha fumbo moja kwa wasomaji, nililolitunga kwa masharti niliyoyataja. Mimi ni mwindaji wa angani, na silabi zangu ni mbili. Mtu akikuuliza kama nguo zake bado ziko kambani, ama nyingine, nigeuze tu umjibu. Ila mwenye sikio atakuwa amekwisha kunisikia katika swali lake.