Barua Isiyo na Tarehe: Mamlaka ya Gavana katika All the King's Men

Neno gavana lina umri mrefu katika Kiswahili, lakini maana yake haikukaa mahali pamoja. Kwa watu wa Tanganyika, mpaka Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1961, gavana alikuwa mgeni aliyetumwa na taji la Uingereza. Alifika na barua ya uteuzi mkononi, wala hakuna mwenyeji aliyeulizwa kama anamtaka. Kwa watu wa Kenya, tangu mwaka wa 2013, gavana ni mtu aliyeomba kura na kuzipata katika mojawapo ya kaunti 47. Huko Marekani neno hilo limepita njia zote mbili. Makoloni mengi ya zamani yalikuwa na magavana waliotumwa na mfalme, na baada ya kujitenga na Uingereza kila jimbo lilijiwekea gavana wake chini ya katiba yake lenyewe. Leo majimbo ni 50, na kila moja lina gavana aliyechaguliwa na wananchi.

Kitabu kimfaacho mtu atakaye kujua jinsi madaraka hayo yanavyofanya kazi ni riwaya ya Robert Penn Warren iitwayo All the King's Men, iliyotoka mwaka wa 1946 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1947. Aghalabu riwaya hii husifiwa kama hadithi ya mtu mwema aliyeharibiwa na cheo. Sifa hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya kweli. Warren aliichungua ofisi kwa makini yale yale aliyouchungulia moyo wa mwenye ofisi, na ufunguo wa uchunguzi wake ni karatasi moja: barua ya kujiuzulu iliyotiwa sahihi bila ya kuandikwa tarehe.

Ili thamani ya karatasi hiyo ionekane, yafaa kwanza kukumbuka ni nini sheria humpa gavana wa jimbo, na ni nini humnyima. Humpa kazi ya kutekeleza sheria zilizotungwa na bunge la jimbo. Humpa haki ya kutia sahihi mswada au kuukataa, haki ya kuteua wakuu wengi wa idara na mabaraza, uwezo wa kusamehe wafungwa au kushiriki katika kuwasamehe, na amri juu ya askari wa akiba wa jimbo. Lakini katika majimbo mengi, Louisiana likiwa mojawapo, gavana hayuko peke yake katika tawi la utendaji. Mwanasheria Mkuu, mweka hazina na wakuu wengine kadhaa huchaguliwa na wananchi wenyewe. Hao hawakupewa kazi na gavana, na kwa hiyo hawana deni kwake. Tena yupo mlinzi wa mwisho: karibu kila mahali baraza moja la bunge laweza kumshtaki gavana, na baraza jingine, yaani Seneti, likamhukumu na kumwondoa. Waliotunga katiba hizo walikumbuka magavana wa mfalme, wakaifunga ofisi kwa kamba nyingi. Riwaya ya Warren inaeleza jinsi kamba hizo zinavyofunguliwa moja baada ya moja, hali fundo lake linaonekana bado limekaza.

Willie Stark, shujaa wa riwaya, ni mtoto wa shamba aliyejisomea sheria usiku. Alipokuwa mweka hazina wa wilaya yake alipinga kandarasi ya kujenga shule iliyotolewa kwa upendeleo. Hakuna aliyemsikiliza, akapoteza kazi. Baadaye ngazi ya dharura ya shule ile ikaporomoka na kuua watoto, kwa sababu matofali yalikuwa mabovu. Hapo watu wakajua kwamba alikuwa msema kweli. Wanasiasa wa mjini wakamtumia jina hilo jema: wakamshawishi agombee ugavana ili apunguze kura za mpinzani wao, wala hawakumwambia. Alipogundua kwamba amefanywa chambo, Stark alibadilika. Aliyekuwa akiwahutubia wakulima kwa hesabu na takwimu akaanza kuwahutubia kwa machungu yao wenyewe, na baada ya miaka michache akawa gavana. Msimulizi, Jack Burden, ni kijana wa ukoo wa heshima, mwanafunzi wa historia aliyeiacha kazi yake njiani, ambaye sasa humtumikia gavana kwa kumtafutia siri za watu.

Jimbo la riwaya halitajwi jina, lakini wasomaji hawakukosa kulitambua. Warren alifundisha katika chuo kikuu cha Louisiana, mjini Baton Rouge, katika miaka ya 1930, na gavana aliyelitikisa jimbo hilo alikuwa Huey Long. Long alishika ugavana mwaka wa 1928. Akajenga barabara na madaraja, akawapa watoto wa shule vitabu bila malipo, akasimamisha jengo jipya la serikali lenye ghorofa 34. Akachaguliwa kuwa seneta wa taifa mwaka wa 1930, lakini hakwenda Washington mpaka Januari 1932, kwa kuwa naibu wake alikuwa amekwisha kuwa adui yake, na kuondoka mapema kungemwachia naibu huyo kiti. Tarehe 8 Septemba 1935 alipigwa risasi ndani ya jengo lile lile alilolijenga, akafa siku mbili baadaye. Warren mwenyewe alikana kwamba Stark ni Long aliyebadilishwa jina, na haki yake hiyo iheshimiwe. Mwenye kuitafuta picha ya Long katika kila ukurasa atapoteza kilicho bora zaidi, nacho ni yale mambo ambayo Warren aliyabadilisha.

Sasa ije karatasi yenyewe. Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo, Byram White, anagunduliwa akijaribu kujitajirisha kwa mali ya umma. Gavana anamwita ofisini, anamdhalilisha mbele ya watu, kisha anamwamuru aandike barua ya kujiuzulu kama atakavyoisoma yeye. White anaandika na kutia sahihi. Nafasi ya tarehe inaachwa wazi, na barua inabaki mikononi mwa gavana. White hafukuzwi; anarudi kwenye meza yake akiwa na cheo kile kile na mshahara ule ule.

Onyesho hili ni fupi, wala Warren halipambi. Lakini ndani yake umo uchambuzi wa utawala ambao vitabu vingi vya sheria havina. Mkaguzi wa Hesabu amewekwa na katiba ili amkague gavana. Angekuwa mwaminifu, angekuwa mlinzi. Angefukuzwa, mwingine angekuja mahali pake, na labda huyo angekuwa mwaminifu. Aliye mwizi anayejulikana na bwana mmoja tu ndiye mtumishi kamili, kwa maana hana tena ofisi ya umma. Ofisi yake imo ndani ya mtoto wa meza ya mtu mwingine. Barua yenye tarehe hutenganisha mtu na cheo. Barua isiyo na tarehe hufanya mtu na cheo chake viwe mali ya yule anayeishika. Desturi hiyo Warren hakuibuni, kwani Long naye alichukua barua za namna hiyo kutoka kwa watu wake. Kazi ya Warren ilikuwa kuipa desturi hiyo uso, jasho, na mkono unaotetemeka juu ya karatasi.

Baada ya onyesho hili huja jingine ambalo wahakiki hulipita upesi. Mwanasheria Mkuu, Hugh Miller, anataka White aachiwe sheria imhukumu. Gavana anakataa, asema kwamba kumtoa White ni kuwaonjesha maadui damu. Basi Miller anajiuzulu. Hapigi kelele, wala hamtukani rafiki yake. Katika riwaya nzima yeye ndiye mtu anayejiuzulu kwa hiari na kwa siku inayojulikana, na kwa sababu hiyo ndiye mkuu pekee katika serikali ile ambaye cheo chake kilikuwa chake mpaka dakika ya mwisho. Warren amewaweka White na Miller kando kwa kando, na msomaji makini ataona kwamba mizani ya kitabu imetundikwa hapo.

Kamba ya mwisho ni mashtaka mbele ya bunge, na hapa hitilafu baina ya historia na hadithi inafundisha sana. Mwaka wa 1929 wajumbe wa Louisiana walimshtaki Long. Ili ahukumiwe ilihitajiwa theluthi mbili ya maseneta 39. Maseneta 15 wakatia sahihi hati ya kutangaza kwamba hawatampata na hatia, na kesi ikafa kabla ya kusikilizwa. Katika riwaya pia ipo hati yenye sahihi, lakini njia ya kuzipata ni nyingine. Stark huwaendea wajumbe mmoja mmoja na kumwonyesha kila mmoja siri yake. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na siasa ya fadhila inajulikana kila mahali. Warren aliiacha hiyo, akachagua hofu. Chaguo hilo ni la mwandishi wa tanzia. Mtu aliyenunuliwa aweza kununuliwa tena na mwingine, lakini aliyeogopeshwa huwa amejiuza mwenyewe siku ile alipoitenda siri yake. Basi bunge la riwaya halikushindwa na nguvu za gavana. Lilishindwa na madeni ya wajumbe wake.

Wala kitabu hakisemi kwamba Stark ndiye aliyeanzisha maovu. Jack Burden anapotumwa kumchimba Jaji Irwin, mzee mwenye sifa njema, anakuta kwamba mzee huyo alikula rushwa zamani alipokuwa Mwanasheria Mkuu, na kwamba gavana wa wakati ule, Stanton, mtu wa nasaba na adabu, alijua akanyamaza. Kumbe serikali ya waungwana nayo ilikuwa na barua yake isiyo na tarehe, ila haikuandikwa. Ugunduzi huu ndio unaomfanya Adam Stanton, daktari, mwana wa gavana yule, akubali kuiongoza hospitali kubwa ambayo Stark anataka kuwajengea maskini.

Hospitali hiyo ndiyo swali zito la kitabu. Stark huona kwamba wema hauwezi kufanywa ila kwa udongo uliopo, nao ni mchafu. Huona kwamba sheria ni blanketi fupi lisilotosha miguu na kichwa. Je, mgonjwa aliyelala kitandani bila malipo atauliza saruji ililetwa kwa njia gani? Warren hajibu kwa hotuba. Anajibu kwa mpango wa hadithi. Mtoto wa Stark anapovunjika shingo katika mchezo wa mpira, gavana anapata uchungu wa kweli, naye anaivunja kandarasi chafu ya hospitali ili walau jengo hili moja liwe safi. Hapo ndipo anapoangamia. Naibu wake, Tiny Duffy, aliyekuwa na faida yake katika kandarasi ile, anampasha Adam habari kwamba dada yake Anne ni hawara wa gavana. Adam anampiga Stark risasi ndani ya jengo la serikali. Kikulacho ki nguoni mwako. Na kwa mujibu wa katiba, anayekikalia kiti ni Duffy. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya mtu mwenye kipawa kimeachiwa mtu asiye na kipawa wala haya.

Pamoja na uzuri huo wote, riwaya ina pengo lisilofaa kufichwa. Jack Burden huyaona madaraka kutoka ndani ya gari la gavana. Wananchi huonekana kwake kama umati: nyuso chini ya jukwaa, sauti moja ya kushangilia. Mkulima aliyefikiwa na barabara mpya hapewi nafasi ya kusema yaliyopungua na yaliyozidi katika maisha yake. Kubwa zaidi ni kimya juu ya watu weusi. Katiba ya Louisiana ya mwaka wa 1898 iliwanyang'anya kura: waliokuwa wameandikishwa mwaka wa 1896 walizidi 130,000, na mwaka wa 1900 walibaki zaidi kidogo ya 5,000. Kwa hiyo pale riwaya inapozungumza juu ya gavana aliyewekwa na watu, watu hao tayari wamekwisha kupunguzwa. Kwa raia mweusi wa jimbo lile, gavana wa mwaka wa 1930 alifanana na yule aliyetumwa na mfalme kuliko msimulizi alivyotambua. Mhakiki asiyelitaja jambo hili atakuwa amekubali kuhesabu kamba zote isipokuwa ile iliyokatwa kwanza.

Hata hivyo pengo hilo haliliangushi jengo; laonyesha tu mahali ambapo wasomaji wa leo watahitaji taa yao wenyewe. Kilichobaki imara ni fundisho ambalo Warren amelitoa bila ya kuhubiri. Mamlaka ya gavana yaweza kuandikwa kwa uangalifu katika katiba, yakagawanywa, yakawekewa walinzi. Lakini kila ulinzi hukaa ndani ya mtu, na mtu mwenye siri ni mlango usio na kitasa. Cheo ni dhamana, na dhamana huwa na siku ya kuchukuliwa na siku ya kurudishwa. Hugh Miller aliirudisha ya kwake mchana kweupe. Barua ya Byram White ilibaki ikingoja tarehe ambayo mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuiandika.