Lilichemkia Wapi, Lilichemkaje

Dereva wa Probox anayebeba abiria kati ya Kitale na Bungoma, akifika kwa fundi, husimulia ugonjwa wa gari kwa majina ya mahali. "Ilianza kuchemsha Misikhu, nikaongeza maji Kamukuywa, kufika Kiminini chupa iko tupu." Msuko wake ni wa safari: kituo baada ya kituo, hali ikizidi kuwa mbaya. Ni simulizi tamu, na fundi hapati mengi humo.

Fundi hodari wa jua kali huuvunja msuko huo kwa swali moja: "Ulikuwa unapanda, ama ulikuwa umesimama?" Mahali panatoka, hali inaingia. Likichemka stendi likingoja abiria, shaka inaangukia feni. Likichemka mlimani, huenda rejeta imeziba au pampu ya maji imechoka. Kisha linakuja swali ninalolipenda kuliko yote: "Asubuhi kabla hujawasha, maji yamepungua?" Asiyejua angedhani fundi anapiga soga. Lakini mpira na chuma husinyaa vikipoa, na klipu ya paipu iliyolegea huachia maji usiku bila shahidi. Mchana injini ikipata moto, mpira hutanuka, pengo likajiziba.

Hata hivyo mahali hapafai kufutwa kabisa, na hapo mafundi wengi huteleza. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma kama 1,400. Kule Kitale maji ya sufuria isiyofunikwa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ilhali thamostati ya gari kama hilo huanza kufunguka karibu na 82. Nafasi kati ya hizo mbili ni finyu. Inapanuliwa na presha, na presha hushikiliwa na kifuniko cha rejeta, kile chenye nambari 0.9 au 1.1 juu yake. Mpira wa kifuniko ukichoka, gari lililoteremka Bungoma kimya litarudi Kitale likifuka mvuke, kwa sababu linapanda na mzigo huku maji yakichemka mapema zaidi. Dereva aliyetaja miji hakukosea basi. Mfuatano wa miji yake ulionyesha alikuwa akielekea upande gani.

Kilele cha mazungumzo haya hakina maneno. Injini ikiwa baridi, fundi hufunga pampu yenye geji kwenye mdomo wa rejeta, akasukuma hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, akanyamaza. Sindano ikishuka, anachukua tochi: ukoko mweupe au wa waridi kando ya klipu, unyevu kwenye kitundu kilicho chini ya pampu ya maji, ufa pale tangi la plastiki linapokutana na alumini ya rejeta. Ikishuka na kote nje ni kukavu, na kapeti ya mbele ndani ya gari pia, huenda maji yanaingia ndani ya injini. Anachomoa kijiti cha oili. Akikuta rangi ya chai ya maziwa, mara nyingi gaskiti ya hedi imekwisha. Asiye na geji huruka sehemu hii yote, akaanza kwa kufungua hedi, na mteja hulipia taharuki isiyokuwepo.

Mwisho ulio rahisi ni kung'oa thamostati na kujaza maji ya bomba. Kwangu hiyo ni hadithi iliyokatwa: injini haifikii joto lake, hunywa mafuta zaidi, na tundu liko palepale. Mwisho unaostahili unachosha kutazama. Paipu mpya, klipu mpya, kulanti na maji nusu kwa nusu, kifuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, hita imefunguliwa hadi mwisho, injini inanguruma taratibu, na fundi anaminya paipu ya juu mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki humo, gari litachemka tena ingawa halivuji hata tone.

Udhaifu wa utanzu huu wa maswali ya fundi uko kwenye risiti. Maswali yote yale huishia katika karatasi ya mistari mitatu: paipu, klipu, ufundi. Haisemi presha ilipimwa kiasi gani, sindano ilisimama dakika ngapi, wala maji yalitokea wapi. Gari likikwama Bungoma wiki ijayo, fundi wa huko hana cha kusoma. Atafunga geji yake upya, na mteja atalipia kipimo kilekile mara ya pili.