Kutazama na Kuona

Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ni ya kweli shambani na baharini, lakini katika nyumba za makumbusho haitoshi. Humo mtu aweza kupita mbele ya vitu mia, akatoka bila ya kuona hata kimoja. Kwa hiyo yafaa tuzipime ziara ambazo jamaa nyingi, baba na mama na watoto wao, huzifanya mjini Nairobi wakati wa likizo, tupate kujua faida zake na upungufu wake.

Tuanze na Makumbusho ya Taifa. Nyumba hii ilifunguliwa mwaka wa 1930, ikapewa jina la Gavana Robert Coryndon. Jina hilo liliachwa baada ya uhuru. Kitu kiwavutacho watoto upesi ni sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit, ambaye Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe mwaka wa 1970, naye akafa mwaka wa 1974. Watoto husimama mbele yake wakapigwa picha, kisha huondoka. Hapana ubaya. Lakini sanamu ni kazi ya mikono ya watu. Mifupa ya Ahmed mwenyewe imehifadhiwa katika makumbusho hayo hayo, na mbele ya mifupa hiyo ndipo lizukapo swali zito: ilikuwaje hata mnyama mmoja akahitaji amri ya Rais ili asiuawe kwa ajili ya pembe zake? Picha haiulizi swali hilo. Mzazi hana budi aliulize.

Zaidi ya huyo yupo Mvulana wa Turkana. Mwaka wa 1984, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kilicholala kati ya kokoto. Mtu mwingine angalikikanyaga akapita. Kutokana na kipande hicho ilipatikana mifupa mingi ya mtoto aliyeishi yapata miaka 1,500,000 iliyopita. Watu husifu ukale wa mifupa hiyo, na wana haki. Lakini mimi nalisifu kwanza lile jicho lililozoezwa, maana bila ya jicho hilo mifupa ingalibaki mchangani.

Sasa twende kwenye Makumbusho ya Reli, yaliyoanzishwa mwaka wa 1971. Humo limo behewa ambalo ndani yake Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, aliuawa na simba huko Kima mwaka wa 1900. Alikuwa akimvizia simba huyo, usingizi ukamshinda. Kisa hiki hupendwa mno, na watoto hukisimulia njia nzima warudipo nyumbani. Hapa ndipo nionapo upungufu mkubwa. Katika ujenzi wa reli ile walikufa wafanyakazi wapatao 2,500, wengi wao Wahindi, kwa maradhi na ajali kuliko kwa simba. Ryall ana behewa na jina; wao hawana behewa. Kosa si la behewa, kwani kitu huonyesha kile tu kilichosalia, na mali ya mkubwa husalia kuliko ya kibarua. Kosa ni la mtazamaji adhaniye kwamba kisichowekwa mbele yake hakikutukia.

Basi, msomaji, uzurupo mji mkubwa pamoja na jamaa yako, usijisifu kwa idadi ya vyumba ulivyopita. Chagua vitu vitatu, ukavikalie. Kwa kila kimoja uliza: nani alikiona, nani alikihifadhi, na nani hakutajwa? Kisha utokapo katika Makumbusho ya Reli, itazame ile reli kuukuu iliyo karibu. Wale wasio na behewa ndio walioitandika kutoka Mombasa, ikafika Nairobi mwaka wa 1899.