Mwaka wa Kwadi na Breki Zake: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Mwadingusha

Mwaka wa kutengenezwa ndio jambo la kwanza ambalo muuzaji wa kwadi hulitaja, na ndio jambo ambalo mnunuzi makini hapaswi kulichukua peke yake kuwa kipimo cha ubora wa breki. Kwadi ni pikipiki ya magurudumu manne yenye matairi mapana yanayojazwa upepo kidogo ili yasizame kwenye matope, na kwa hiyo breki zake huishi ndani ya maji na uchafu kuliko breki za gari lolote la kawaida. Hali hiyo ni nzito zaidi Mwadingusha, katika jimbo la Haut-Katanga, ambako bwawa la mto Lufira limezaa Ziwa Tshangalele na kingo zake zenye majimaji, na ambako njia huteremka kutoka usawa wa ziwa hadi chini ya maporomoko, kwenye kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1930 na kukarabatiwa hadi kufikia megawati 78 mwaka 2021. Breki inayofaa hapo lazima istahimili kulowana asubuhi na kushuka mteremko mchana, kisha vumbi jekundu la kiangazi linalosaga chuma kama msasa.

Breki za kwadi ni za aina tatu. Breki ya ngoma ni ile ambayo vipande viwili vya nusu duara, viitwavyo viatu, husukumwa nje vigandamize ukuta wa ndani wa ngoma. Breki ya diski hutumia pedi mbili zinazobana sahani ya chuma iliyo wazi. Na breki ya kuoga mafuta, kama ile ya nyuma ya Suzuki KingQuad 750, ina sahani kadhaa zilizofungiwa pamoja na mafuta mahali pasipofikiwa na matope. Ya tatu ndiyo inayofaa zaidi kandokando ya ziwa, ingawa ikiharibika huhitaji fundi mwenye subira na vipuri ambavyo havipatikani kila duka.

Tofauti ya miaka huonekana wazi katika Honda Rancher. Rancher 350, iliyouzwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2006, ina ngoma mbili za mbele zinazoendeshwa kwa mafuta ya breki, na silinda ndogo zilizomo ndani yake hukwama kwa kutu pindi maji yanapopenya na mashine ikaachwa bila kutumika. Rancher 420, iliyoanza na mwaka wa modeli 2007, ilibadilisha ngoma hizo kwa diski, ambazo hukauka upesi na ambazo hali yake mnunuzi huiona bila kufungua kitu. Kwa upande wa mbele, basi, 2007 ni mpaka wa kweli. Nyuma mambo ni tofauti, kwa sababu modeli zenye ekseli moja imara ziliendelea na ngoma iliyozibwa, inayovutwa kwa waya, ilhali zile ambazo kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka peke yake zilipewa diski, kiasi kwamba mashine mbili za mwaka mmoja na jina moja huweza kuwa na breki zisizofanana. Ngoma hiyo ya nyuma haistahili kudharauliwa: ikiwa sili zake, yaani mipira inayozuia maji kuingia, ni nzima, inafaa kazi ya matopeni kuliko diski iliyo wazi.

Kwa kuwa karatasi za usajili mara nyingi huonyesha mwaka mashine ilipoingia nchini, mwaka wa modeli hutafutwa kwenye namba ya fremu yenye tarakimu na herufi 17. Katika mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani Kaskazini, alama ya 10 ndiyo inayotaja mwaka: Y ni 2000, 6 ni 2006, 7 ni 2007, na baada ya 9 hufuata A, ambayo ni 2010.

Uchunguzi wa ngoma huanzia kwenye mkono mdogo wa chuma unaovutwa na waya, kwa sababu hapo ndipo udanganyifu hufichwa. Fundi asiye mwaminifu huweza kuuchomoa mkono huo na kuurudisha jino moja mbele ili pedali ionekane kukamata juu, huku viatu vikiwa vimekwisha. Mshale wa kuonyesha ulaji, hata hivyo, hukaa mahali pamoja tu, hivyo ukifikia alama ya ukomo pedali inapokanyagwa viatu havifai tena, na mashine ambayo mshale wake umeondolewa inapasa kuhesabiwa kuwa haina viatu. Nati ya kurekebishia waya iliyofika mwisho wa uzi wake hutoa ushahidi huohuo.

Kwenye diski, unene wa chini unaoruhusiwa huwa umechorwa kwa milimita kwenye chuma chenyewe, na ukingo ulioinuka pembeni huonyesha kiasi kilicholika. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu: DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 230 za Selsiasi, lakini kiwango hicho kwa mafuta yaliyokwisha kunyonya maji ni 155 tu, na yakichemka mteremkoni mkono wa breki hulegea ghafla. Mafuta meusi si sababu ya kuiacha mashine, maana kuyabadilisha ni kazi ndogo. Mkono wa breki unaozama polepole ukishikiliwa kwa nguvu kwa muda wa dakika moja unaashiria sili zilizochoka ndani ya silinda kuu, na gharama ya kuzibadilisha hupunguzwa kwenye bei kabla ya fedha kutolewa.