Wanaobonyeza Mara Mbili

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, tunatuma pesa tukiwa ndani ya matatu bila wasiwasi. Wapo wanaolipwa kuwa na wasiwasi huo kwa niaba yetu. Mjaribu wa programu hutuma shilingi 100, kisha huzima simu kabla ujumbe haujarudi. Hubonyeza "tuma" mara mbili. Hujisajili kwa jina la Ng'ang'a, maana kile kialama cha juu huweza kuangusha mfumo uliosukwa ovyo.

Asiyeshukuriwa kabisa ni anayekagua ujaribu wenyewe. Hufukua ripoti za hitilafu za miezi iliyopita na kuuliza kila moja: hii ilipenyea wapi? Mara nyingi mjaribu aliitwa mwishoni, uzinduzi ukibisha hodi. Kipimo cha ukomavu wa ujaribu kiitwacho TMMi kina ngazi 5, ya kwanza ikiwa ya kujaribu kiholela. Kupanda kutoka hapo ni vikao virefu na mameneja wenye haraka (wapo wasio na haraka?), hadi mjaribu apewe kiti tangu mahitaji yanapoandikwa. Hapo kosa hufutwa kwa kalamu. Likichelewa kuonekana, mzazi wa Kitui ndiye anayepiga simu kuuliza karo ya mwanawe imeenda wapi.